Fungu la Mashine

Ndugu msomaji, mwezi uliopita nilipokea simu ambayo kila mtu aliyezaliwa kisiwani huiogopa. Ilikuwa saa mbili usiku. Mdogo wangu, anayesimamia chombo cha familia yetu kule Mafia, alianza kwa kunipa shikamoo kama ilivyo desturi yake, nami nikamwitikia marahaba nikidhani ananipigia kunijulia hali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, chombo hakijarudi."

Ndani ya chombo hicho walikuwamo vijana watano, mmoja wao mtoto wa dada yetu mwenye umri wa miaka 19. Mashine ilikuwa imezimika saa saba mchana, katikati ya mkondo unaoitenganisha Mafia na Bara, na kusi lilikuwa likivuma. Zamani hilo lisingekuwa jambo la kumnyima mtu usingizi, kwa kuwa chombo kilichotengenezwa na mafundi wa Chole kilikuwa na mlingoti na tanga lake, na nahodha hakuhitaji petroli ili arudi kwao. Lakini tangu mashine ilipoingia, mlingoti uliachwa nyumbani ili kupunguza uzito, na tanga likawekwa ghalani likaliwa na panya. Vijana wale walitandaza turubai wakalishika kwa mikono wakisukumwa na upepo kuelekea kaskazini usiku kucha. Alfajiri walikutana na jahazi lililokuwa likitoka upande wa delta ya Rufiji, likawafunga kamba. Namshukuru Mungu kwamba wote walirudi salama.

Baada ya shukurani ndipo likaja swali. Mashine itengenezwe, au inunuliwe nyingine? Mdogo wangu alitaka mpya. Mama alitaka itengenezwe, kwa kuwa ni ununuzi wa mwisho wa marehemu baba. Mimi, kama ilivyo kawaida ya wasomi, nilikuwa na maoni kabla ya kuiona. Nikapanda basi Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, nikavuka kwenda Kilindoni, na hapo nikajifunza mambo ambayo naona yanafaa kusemwa hadharani, kwa sababu hayahusu familia yangu peke yake.

Mashine yenyewe ni injini ya petroli ya kupachika nyuma ya chombo, ya nguvu ya farasi 40, yenye silinda mbili, aina ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Ilinunuliwa mwaka 2014. Fundi wetu hakuanza kwa kutoa bei. Alichomoa plagi zote mbili, akafunga geji ya kupimia mkandamizo mahali pa plagi, akavuta kamba ya kuwashia mara kadhaa. Silinda ya juu ilisoma 118, ya chini ikasoma 70. "Mwalimu," akaniambia, "hizi ni ndugu pacha. Zikitofautiana zaidi ya sehemu moja ya kumi, ujue mmoja anaumwa."

Alipofungua kichwa cha injini tukaona ugonjwa wenyewe. Pistoni ya chini ilikuwa imekwaruzika ubavuni, ringi zimekwama, na ukuta wa silinda una michirizi inayohisika kwa ukucha. Ndiyo alama ya mashine iliyochemka. Na kwa nini ilichemka? Fundi alifungua sehemu ya chini, akatoa pampu ya maji, akaniwekea kiganjani kipande cha mpira chenye mabawa kama ua. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika. Kile ndicho kinachovuta maji ya bahari na kuyapandisha kuipoza injini. Bei yake Kilindoni ni shilingi 35,000. Vijana walikiri kwamba kwa majuma matatu ule mkondo mwembamba wa maji unaoruka nyuma ya mashine, unaomwonyesha mtumiaji kwamba pampu inafanya kazi, ulikuwa umedhoofika. Waliuona, wakaambizana, wakaendelea na safari.

Hapa ndipo wengi huanza na kumaliza kwa kulinganisha bei mbili. Fundi alisema matengenezo kamili yatagharimu shilingi 2,400,000. Mashine mpya ya aina ileile ilikuwa shilingi 8,700,000. Kwa hesabu ya haraka, kutengeneza ni chini ya theluthi moja ya kununua, na mjadala umekwisha. Lakini bei mbili hizo hazilingani, kwa sababu hazinunui kitu kimoja. Baada ya siku mbili za kumhoji fundi yule, nimeona kuna maswali matano yanayopaswa kujibiwa kabla mtu hajatoa fedha mfukoni.

Kwanza, ugonjwa uko wapi? Kuna sehemu zilizoumbwa ili zichakae: plagi, mpira wa pampu, sili, ringi, gasketi, kabureta. Kubadilisha hizo ni sawa na kumvisha mtu viatu vipya. Na kuna mwili wenyewe wa mashine, yaani bloku, krenki na beringi zake. Silinda iliyokwaruzika inaweza kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, ile ambayo mafundi huiita ovasaizi, lakini ukuta wa silinda una mwisho wake. Silinda zetu zilikwishachongwa mwaka 2019 hadi karibu na kikomo. Isitoshe, njia za maji ndani ya bloku zilikuwa zimeliwa na chumvi, na beringi za krenki zilikuwa na vidoto vya kutu. Ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye viatu ukaingia mfupani.

Pili, baada ya kutengenezwa itakuwa na thamani gani? Mafundi wengi hushika kanuni ya kidole gumba: matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya mashine baada ya kutengenezwa, fikiria mara mbili. Zingatia, msomaji, kwamba kipimo ni thamani ya mashine hiyohiyo kuukuu iliyokwishatengenezwa. Haipimwi kwa bei ya mashine mpya. Yetu, hata ikipona, isingepata mnunuzi wa shilingi 3,000,000. Kuitilia 2,400,000 ni kununua matumaini kwa bei ya mashine.

Tatu, chombo kitakaa pwani siku ngapi? Vipuri vingine vilipaswa kuagizwa Dar es Salaam, na kuchongwa kwa silinda kusingefanyika Kilindoni. Fundi alikadiria majuma matatu. Majuma matatu ya chombo kukaa juu ya magogo ni majuma matatu ya nyumba tano kula kwa mkopo. Gharama hii haiandikwi katika ankara yoyote, lakini kuna mtu anailipa.

Nne, ikiharibika tena, nani ataitengeneza? Swali hili linahusu mashine mpya kuliko la zamani. Ziko injini za kisasa zisizochanganya oili na petroli, zinazotumia mafuta kidogo na kutoa moshi mchache, na kwa bahari kama ya Mafia, yenye hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1995, hilo si jambo dogo. Nilizipigia debe mbele ya fundi. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Zikigoma, mwalimu, utakuja wewe?" Ni nzito zaidi, zina mifumo mingi zaidi, na vipuri vyake havipatikani kirahisi kisiwani. Chombo kisichoweza kutengenezwa na watu wanaokitumia hakijawa mali yao hata kama wamemaliza kukilipia.

Tano, na hili ndilo la mwisho kwa hesabu lakini la kwanza kwa uzito: nani atakuwa ndani yake? Fundi hakukataa kazi, na kwa hilo namheshimu, maana alikuwa na haja ya fedha. Alisema: "Naweza kuiamsha. Lakini utanitafuta tena kabla kaskazi haijaingia, na sijui utanitafuta ukiwa pwani au ukiwa mkondoni." Mama, aliyekuwa ameketi kizingitini akisikiliza, hakutetea tena ununuzi wa marehemu.

Hivyo uamuzi wa kiufundi ulipatikana, na kama ningekuwa mwandishi wa masuala ya mitambo ningeishia hapa. Lakini usiku ule niliomba daftari.

Wasiojua utaratibu wa vyombo vya uvuvi pwani yetu, nawaeleza kwa kifupi. Chombo kinaporudi na samaki kuuzwa, kwanza hutolewa gharama za safari: petroli, barafu, chakula. Kinachobaki hugawanywa mafungu. Wavuvi wana mafungu yao. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mashine ina fungu lake. Wazee waliobuni mgawo huu hawakusoma uhasibu, lakini walielewa kitu ambacho wahasibu hukiita uchakavu: kwamba kila safari inakula sehemu ndogo ya mashine, na sehemu hiyo inapaswa kurudishwa kabla mtu hajasema amepata faida. Mashine ilihesabiwa kama mmoja wa mabaharia. Anafanya kazi, analipwa.

Mama yangu ameandika mgawo huo tangu mwaka 2014 katika daftari la mistari, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma elimu ya watu wazima. Nilifungua kurasa za mwaka 2015 hadi 2019. Safu ya mashine ilikuwa na tarakimu kila juma, na pembeni ya tarakimu, mara kwa mara, palikuwa na neno moja: "mwalimu". Nauli ya mwalimu. Kodi ya chumba ya mwalimu. Kuchapa kazi ya mwalimu. Miaka hiyo ndiyo niliyokuwa nikisomea shahada ya uzamivu, na posho ilikuwa ikichelewa, na mimi nilikuwa nikipiga simu nyumbani. Nilijumlisha mara mbili nikitumaini nimekosea. Ilikuwa shilingi 3,140,000.

Ndugu msomaji, nimefundisha uchumi wa kisiasa kwa miaka mingi. Nimesimama mbele ya wanafunzi nikilaani viongozi wanaokula akiba ya kesho ili kulipia leo. Usiku ule, kwa mwanga wa taa ya sola, niligundua kwamba fungu la mashine nilikuwa nimelila mimi. Mwaka 2019, mwaka uleule niliovaa joho, ndio mwaka ambao silinda zilichongwa kwa mkopo badala ya mashine kupumzishwa. Mtoto wa dada yangu alishika turubai usiku kucha juu ya deni langu.

Simsemi vibaya mama yangu wala sijitafutii huruma. Familia yoyote yenye mtoto chuoni na mashine baharini ingefanya vilevile, na huenda ilikuwa sahihi kufanya hivyo. Mtoto asiye na ada analia leo, na mashine hailii hadi siku ya kufa. Ninachosema ni kwamba hatukuliita deni. Tungeandika "mwalimu anadaiwa na mashine", ningelianza kulilipa tangu mshahara wa kwanza. Tuliandika "mwalimu" peke yake, tukageuza ukurasa, na kila aliyelitazama daftari akaona chombo kinaingiza faida.

Nikalinganisha na mababu. Chombo cha tanga kilikuwa na kalenda ya matunzo isiyomwuliza mtu kama ana nafasi. Bamvua likifika, maji yakitoka mbali, chombo kililazwa ubavu, chaza na magugu yakakwanguliwa, mapengo ya mbao yakatiwa kalafati kwa pamba, tumbo likapakwa deheni na mbavu zikapakwa sifa. Hakuna aliyesubiri kivuje. Mwezi wenyewe ndio uliokuwa msimamizi. Mashine ilipokuja ilikuja na kitabu chake, kinachosema badilisha mpira wa pampu, isafishe kwa maji baridi kila urudipo, badili oili ya gia, kagua zinki. Kitabu chetu kilikuwa kwa Kiingereza na kilibaki ndani ya mfuko wake wa plastiki. Tulipokea chombo kipya bila kupokea kalenda yake. Wahenga walituachia methali, usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini methali bila tarehe ni mapambo ya mazungumzo.

Sasa naomba nitoke Mafia niende Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, Wajerumani waliporudi nyuma vitani, waliizamisha wenyewe ili adui asiitumie. Lakini kabla ya kuizamisha, wahandisi wake waliipaka injini grisi nzito, kwa matumaini kwamba siku moja wangeirudia. Hawakuirudia. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Katika miaka ya 1970 mvuke ulitolewa, zikafungwa injini za dizeli, na meli ikaendelea kubeba watu na dagaa na mihogo kwa miongo mingine kadhaa.

Naipenda hadithi hii kwa sababu inajibu swali letu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba kutengeneza na kubadilisha si maadui. Mwili ulipokuwa mzima, injini ilibadilishwa, na chombo kikaishi. Ya pili inatia aibu. Watu waliokuwa wakiizamisha meli ile walikuwa na wakati wa kuifikiria kesho ya injini yake. Sisi tunaozipanda meli zetu kila juma hatuna.

Tutazame bajeti zetu za umma. Jengo jipya lina siku ya kuzinduliwa. Kivuko kipya kina utepe, mkasi, ngoma na hotuba. Injini iliyobadilishwa oili kwa wakati haina utepe. Hakuna kiongozi aliyewahi kualikwa kushuhudia mpira wa pampu ukifungwa, wala mwandishi wa habari aliyepiga picha ya kitu ambacho hakikuharibika. Hivyo fedha za matunzo ndizo za kwanza kukatwa, kwa kuwa kuzikata hakumkasirishi mtu mwaka huu. Kisha vitu vinafikia mahali ambapo jibu pekee ni kununua kipya, na kununua kipya kunahitaji mkopo au mfadhili, na tunashangilia kama kwamba ni maendeleo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Meli ya Victoria, iliyoshushwa majini Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilihudumia Mwanza na Bukoba kwa miongo mingi, kisha ikasimama kwa miaka kadhaa hadi iliporejea mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa na kufungwa injini mpya. Kurejea kwake lilikuwa jambo jema, na wakazi wa Kagera wanajua thamani yake kuliko mimi. Swali langu linahusu miaka iliyotangulia kusimama. Fungu la mashine la Victoria liliandikwa wapi, na pembeni yake pameandikwa jina la nani?

Wala nisieleweke kwamba injini nzima ni chombo salama. Kivuko cha Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, taarifa zilizotolewa wakati ule zilieleza kwamba kilikuwa kimefanyiwa matengenezo makubwa ya injini miezi michache kabla. Kilichopinduka hakikuwa kimekosa nguvu, kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake. Mtu anaweza kufunga mashine mpya juu ya desturi mbovu na kufika kaburini kwa kasi zaidi. Ndiyo maana vijana wetu, mpya ilipofika, walipewa sharti moja kabla ya kuiwasha: mlingoti unarudi chomboni.

Lakini fedha zilitoka wapi? Hapa naomba msomaji wa mjini anisikilize kwa makini, maana ndipo siasa yenyewe ilipo. Mdogo wangu alikuwa na njia moja tu kabla sijafika. Tajiri mmoja anayenunua samaki alikuwa tayari kumpa mashine siku ileile. Hakuhitaji dhamana wala fomu. Masharti yake yalikuwa kwamba samaki wote wauzwe kwake, kwa shilingi 500 chini ya bei ya soko kwa kila kilo, hadi deni liishe. Chombo chetu hupata wastani wa kilo 30 kwa safari, na hutoka kama mara 200 kwa mwaka. Hizo ni kilo 6,000, na shilingi 500 kwa kila kilo ni shilingi 3,000,000 kwa mwaka, nje ya deni lenyewe. Kama deni lingechukua miaka miwili, mashine ya 8,700,000 ingegharimu 14,700,000. Na katika miaka hiyo miwili mvuvi hana soko, ana bwana.

Simlaumu tajiri yule peke yake. Anajaza pengo lililoachwa na wengine. Benki haikubali chombo cha mbao kuwa dhamana. Mikopo ya boti na mashine inayotolewa na serikali ni hatua ninayoiunga mkono kwa dhati, lakini mara nyingi hupimwa kwa idadi ya boti zilizokabidhiwa. Ningependa ipimwe kwa idadi ya boti zinazoelea baada ya miaka mitano. Ningependa kila mashine inayokopeshwa iambatane na mambo matatu: kitabu cha matunzo kwa Kiswahili, fundi aliyefunzwa, aliye ndani ya wilaya ile, mwenye vipuri vya kuchakaa rafuni, na akaunti ya fungu la mashine ambayo mkopaji anaiwekea kila safari tangu siku ya kwanza. Vyuo vya ufundi tunavyo. Vikundi vya wavuvi vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuona kwamba mpira wa shilingi 35,000 ni sera ya uchumi wa buluu.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu mdogo wangu alinipa. "Kaka, wewe una mshahara. Mimi siku nikikosa samaki, hilo fungu litatoka wapi?" Ana haki. Maskini haishi bila akiba kwa sababu ya uzembe. Kila shilingi yake ina watu watatu wanaoingoja. Kwa hiyo tulikaa tukapiga hesabu ya mtu mwoga. Tuchukue kwamba mashine mpya itadumu miaka mitano tu, ingawa ya kwanza ilijikokota miaka kumi. Safari 200 kwa mwaka kwa miaka mitano ni safari 1,000. Gawanya 8,700,000 kwa 1,000, unapata shilingi 8,700 kwa safari. Siku ya kukosa, fungu linalala. Siku ya kupata, linalipa na la jana. Hakuna aliyekuwa ameifanya hesabu hii kwa miaka yote ile, mimi mwenye shahada tatu nikiwamo.

Tuliamua hivi. Tulinunua mashine mpya ya aina ileile ya zamani. Haikuwa bora kuliko zote sokoni. Tuliichagua kwa kuwa fundi wetu anaifahamu gizani, na kwa kuwa ile iliyokufa ina gia, propela na kabureta nzima zitakazofaa kuwa vipuri. Hivyo mashine ya marehemu baba haikutupwa. Imening'inizwa ghalani pale lilipokuwa tanga, itatoa viungo vyake kimoja kimoja. Mimi nililipa shilingi 3,140,000, na kwa ombi langu mama aliandika daftarini kwamba ni deni lililolipwa, wala si msaada. Mama na mdogo wangu walitoa akiba yao ya shilingi 2,000,000. Zilizobaki, 3,560,000, nilizikopa katika chama cha akiba na mikopo cha chuoni kwetu, na chombo kitazirejesha kidogo kidogo. Tajiri tulimshukuru kwa nia yake.

Najua si kila mvuvi ana kaka mwenye hati ya mshahara. Hilo hasa ndilo linalonisumbua. Uamuzi sahihi wa mashine yetu uliwezekana kwa bahati ya kuzaliwa, na nchi haipaswi kuwaachia watu wake wa baharini bahati ya kuzaliwa kama mpango wa usalama.

Nilipokuwa nikiaga, mama alinionyesha ukurasa mpya. Juu kabisa ameandika tarehe, chini yake neno "mashine", na mbele yake 8,700, fungu la safari ya kwanza. Fedha zenyewe ziko katika kopo la maziwa hadi akaunti itakapofunguliwa. Akalifunika kopo, akanitazama, akasema: "Mwanangu, wajukuu wanakaribia kwenda chuo. Ukikwama, niambie nikuombee dua. Hapa usipite."

Nimerudi Dar es Salaam. Juma lijalo nina kikao cha bajeti ya idara yetu, na katika rasimu niliyotumiwa, kasma ya matengenezo ya maabara imepunguzwa tena ili kupata fedha za hafla ya maadhimisho. Mwaka jana nilipiga kura ya kuipunguza. Mwaka huu nitainua mkono kuuliza fungu la mashine linaliwa na nani.